Ufichaji wa kebo ya dishi ndani ya nyumba

Ufichaji wa kebo ya dishi ni kazi ya kupitisha ndani ya kuta na juu ya dari kebo inayounganisha dishi la satelaiti na king'amuzi, ili isining'inie mahali pa wazi. Kazi hiyo ni rahisi nyumba inapokuwa bado inajengwa, kabla ya kupiga lipu. Katika Afrika ya Mashariki nyumba nyingi hujengwa kwa matofali ya saruji. Kazi hiyo ikisahauliwa, mwenye nyumba hulazimika kuchimba ukuta uliokwisha kupakwa rangi, au kupitisha kebo dirishani, na dirisha lisifunge tena vizuri.

Kebo na kazi yake

Satelaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, umbali wa km 35,786 kutoka duniani, na mawimbi yake hufika yakiwa hafifu sana. Dishi huyakusanya na kuyaelekeza kwenye kipokezi kilicho mbele yake, ambacho mafundi hukiita LNB. Kipokezi hicho huyakuza mawimbi na kuyashusha masafa yake, kwa kawaida kutoka gigahezi 10.7 - 12.75 hadi megahezi 950 - 2150, ili yaweze kusafiri ndani ya kebo.

Kebo inayotumika ni kebo koaksia, ambayo Oliver Heaviside aliipatia hataza nchini Uingereza mwaka 1880. Katikati ina waya mmoja, kisha plastiki ya kuhami, halafu karatasi ya alumini na msuko wa nyuzi za chuma, na nje ganda la plastiki. Aina inayofaa kwa dishi huitwa RG-6. Ina omu 75 na unene wa mm 7 hivi.

Kebo hiyohiyo hupeleka pia umeme wa volti 13 au 18 kutoka king'amuzi hadi kwenye LNB. Kwa sababu hiyo, waya wa katikati ukigusana na msuko, LNB hukosa umeme na picha hupotea kabisa. Waya wa katikati wa shaba tupu hupitisha umeme huo vizuri kuliko ule wa chuma uliopakwa shaba, hasa kebo ikiwa ndefu.

Kupanga njia

Kwanza huamuliwa mahali pa dishi. Karibu na ikweta, satelaiti iliyo kwenye longitudo inayokaribiana na ya mahali husika huonekana karibu na utosi. Kwa mfano, mtu aliye Dar es Salaam akilenga satelaiti ya nyuzi 36 Mashariki, dishi lake hutazama juu sana. Basi si lazima lifungwe juu ya paa: ukutani panatosha, mradi mti au ukingo wa paa usilizibe. Hapo fundi hulifikia kwa urahisi, na bati halitobolewi.

Baadaye huamuliwa mahali pa kila televisheni. LNB ya kawaida yenye tundu moja huhudumia king'amuzi kimoja. Hivyo chumba kitakachokuwa na king'amuzi chake huhitaji kebo yake.

Hatua za kazi

1. Mfereji huchimbwa ukutani kwenda juu moja kwa moja hadi darini. Mfereji mrefu wa kulala hudhoofisha ukuta.
2. Bomba la plastiki la mm 20 au 25 hulazwa humo pamoja na boksi la ukutani nyuma ya televisheni. Kona huwa za mviringo, kwa kuwa kebo haipaswi kukunjwa kwa ukali: nusu kipenyo ya kona isipungue sm 7.
3. Waya wa kuvutia huachwa ndani, na midomo ya bomba huzibwa kwa karatasi ili saruji isiingie.
4. Baada ya lipu kukauka, kebo huvutwa ikiwa kipande kimoja na kupimwa kwa multimita. Ncha zote zikiwa wazi, kusiwe na mawasiliano kati ya waya wa katikati na msuko. Ncha moja ikiunganishwa, mawasiliano yawepo.

Mambo ya kuzingatia

Kebo isizikwe ukutani bila bomba, kwa sababu ikiharibika haiwezi kuvutwa na kubadilishwa. Pia kiungio kisifichwe ndani ya ukuta, maana ndicho huharibika mapema.

Nyaya za umeme wa nyumba zisipite katika bomba moja na kebo ya dishi. Ganda lake likichubuka, umeme mkubwa unaweza kufika kwenye king'amuzi na kumdhuru anayekigusa.

Maji ni adui mkubwa. Yakiingia kwenye kiungio cha LNB, hufuata msuko taratibu na kuleta kutu ndani ya kebo. Kiungio cha nje hufunikwa kisipitishe maji, tundu la ukutani huinamishwa kuelekea nje, na kebo huachwa ining'inie kidogo chini ya tundu hilo ili matone yadondokee nje.

Kuhusu radi, fundi umeme huunganisha chuma cha dishi na waya wa ardhi wa nyumba. Hilo hupunguza hatari bila kuiondoa, hivyo ni vema king'amuzi kichomolewe wakati wa mvua ya radi.