Sumaku ya redio mbovu ina kazi nyingi Oraba

UKISHUKA kutoka Koboko mjini hadi Oraba, mwisho wa ile barabara ya lami ya kilomita 92 inayoanzia Vurra, kabla hujafika kizuizi cha kuvukia Kaya upande wa Sudan Kusini, utapita meza za mafundi redio na simu. Chini ya meza hizo huwa kuna boksi la takataka: spika zilizochanika, mota za mashine za DVD, magamba ya simu. Vitu hivyo huishia kuuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu.

Mimi huliwahi boksi hilo kabla ya mnunuzi wa vyuma. Ninachotafuta ni ile pete nyeusi iliyogandishwa nyuma ya spika, yaani sumaku. Mafundi wamenizoea. Wengine wananiwekea bure, wengine wananitoza pesa ya soda. Kwa bei hiyo, msomaji, sijaona kifaa kingine hapa mpakani chenye kazi nyingi kiasi hicho: kufundishia, kuchezea, na kumwokoa mfanyabiashara asilipe bei ya shaba akapewa chuma.

Nifafanue kwa nini naijali. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Mwaka 1980, vita vilipoingia West Nile, wazazi wangu walivuka mpaka nikiwa mgongoni, na darasa langu la kwanza lilikuwa chini ya mwembe upande wa Zaire. Huko sumaku tulijifunza kwa kukariri: ncha zinazofanana husukumana, ncha tofauti huvutana. Mwalimu alichora ubaoni kitu chenye umbo la kiatu cha farasi, nasi tukakinakili. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukishika, na farasi wenyewe hatukuwahi kuwaona.

Wengi tuliorudi tumerudi na elimu ya namna hiyo. Tunajua majina ya vitu ambavyo mikono yetu haivijui. Na watoto waliopita Oraba na wazazi wao mwaka 2016 na 2017, wakikimbia mapigano ya Sudan Kusini, wengi wamesoma hivyo hivyo.

Pete mbili za spika na kijiti cha ufagio zinatosha kubadilisha somo. Zichomeke pete zote kijitini, ya juu uigeuze mpaka nyuso zinazofanana zitazamane. Ya juu itaelea. Ukiibonyeza inashuka, ukiiachia inaruka. Kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kupitisha karatasi katikati akitafuta uzi niliouficha.

Hapo ndipo huwasimulia habari za treni ya Shanghai, China, iliyoanza kubeba abiria kibiashara mwaka 2004 na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikifikia kilomita 431 kwa saa bila kugusa njia yake. Kusema kweli ile haisukumwi kutoka chini kama pete yetu. Sumaku zake za umeme zimepita chini ya njia na huvutwa kwenda juu. Lakini mtoto aliyekwisha kuona pete ikielea, habari ya treni haimshindi.

Pete ikianguka sakafuni huvunjika kama chungu, na si ajabu, kwani sumaku hizi za feraiti hutengenezwa kwa unga wa oksidi ya chuma uliochomwa kwa moto mkali kama kigae. Usitupe vipande. Kila kipande kina ncha zake mbili, na ukikivunja tena vipande vyake navyo vitakuwa nazo. Huwezi kubaki na ncha moja mkononi hata ukisaga usiku kucha.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni simu isiyo na betri. Tafuta spika mbili ambazo bado nzima na waya wa nyuzi mbili wa mita 20 hivi. Funga ncha za waya kwenye spika moja, na ncha za upande wa pili kwenye spika nyingine. Hakuna betri wala stima. Mtoto mmoja abaki darasani, mwingine atoke nje. Wa darasani aseme kwa nguvu karibu kabisa na koni ya spika, wa nje abandike yake sikioni. Ataisikia sauti, ndogo kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, lakini atajua ni ya nani.

Siri yake ni hii. Nyuma ya koni kuna waya mwembamba uliozongwa, nao umekaa katikati ya nguvu za sumaku. Sauti ikiitikisa koni, waya nao hutikisika, na waya unaotikisika karibu na sumaku huzaa umeme. Umeme huo mdogo hukimbia hadi spika ya pili, na huko kazi hugeuka: umeme hutikisa waya, waya hutikisa koni, koni hutoa sauti. Simu za mwanzo za Alexander Graham Bell, mwaka 1876 na 1877, zilitumia kanuni hiyo hiyo. Darasani kwangu mazungumzo ya kwanza huwa ni matusi ya Kikakwa, lugha ambayo watoto wa nchi zote tatu zinazokutana hapa karibu, Salia Musala, wanaielewa bila mkalimani.

Mota ndogo ya mashine ya DVD nayo ina sumaku mbili tumboni. Ipe betri, izungushe panga la feni lililokatwa kwenye chupa ya plastiki. Kisha toa betri, funga kitaa kidogo chekundu cha kwenye redio, uizungushe kwa kuvuta uzi kwa nguvu. Kitaa kitamweka, kikigoma, geuza nyaya zake. Ndiyo dinamo ya baiskeli hiyo, na ndiyo kanuni aliyoionyesha Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831. Mitambo ya Nyagak, iliyozinduliwa mwaka 2012 kule Zombo ikiwa na megawati 3.5, hufanya jambo lile lile, ila pale ni maji yanayozungusha, na mitambo mikubwa ya namna hiyo hutengeneza sumaku yake kwa umeme.

Waliokaa kambini miaka ya 1990 huenda wanazikumbuka redio za kuzungusha mkono. Mwingereza Trevor Baylis, aliyefariki mwaka 2018, alizibuni mwanzoni mwa miaka hiyo baada ya kutazama kipindi cha televisheni kuhusu UKIMWI barani Afrika na ugumu wa kuwafikishia watu habari za kujikinga. Zilitengenezwa Cape Town, Afrika Kusini. Unaikaza springi, springi inazungusha jenereta ndogo, redio inasema. Kwa maoni yangu ulikuwa uvumbuzi bora kuliko misaada mingi tuliyoletewa, maana haukumfanya mtu asubiri lori.

Kipimo cha mfanyabiashara

Sasa niwageukie wa biashara. Chukua pete hiyo, ifunge kwenye kipande cha kitambaa, uiweke mfukoni. Sumaku huvuta chuma, nikeli na kobalti. Haivuti shaba nyekundu, shaba ya njano, alumini, risasi, fedha wala dhahabu. Ukiletewa mabomba yanayong'aa kama shaba ya njano na sumaku ikanasa, ujue ni chuma kilichopakwa rangi ya heshima. Waya unaoitwa wa shaba ukinasa, ndani yake ni chuma. Usipotazama hilo, kilo utakazonunua Oraba zitakataliwa Arua.

Lakini hapa wengi wanaponzeka. Sumaku inaweza kumkamata mwizi, haiwezi kumtakasa. Waya wa alumini uliovishwa shaba haunasi, na bado si shaba. Huo ukwangue kwa kisu uone weupe wa ndani. Na yule kijana anayekuja na kipande cha dhahabu cha kutoka Kongo, akakionyesha sumaku mbele yako kisha akasema umeona haikivuti, hajathibitisha lolote. Risasi haivutwi, shaba ya njano haivutwi.

Afadhali mizani na maji. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3, ya risasi gramu 11.3, ya shaba ya njano kama gramu 8.5. Kipande kikiwa chepesi kuliko ujazo wake, kimejisema chenyewe. Hata kipimo hicho kina mdanganyifu wake, tungsteni, ambayo uzito wake unakaribiana mno na wa dhahabu. Mwenye fedha nyingi za kupoteza apeleke kwa sonara.

Anayenunua gari au pikipiki iliyotumika atembeze sumaku yenye kitambaa juu ya bodi. Mahali pa bati zima itashika. Mahali palipobonyea pakajazwa lile rojo la mafundi linalokauka na kupakwa rangi, itateleza. Ila tangi na vifuniko vya plastiki havinasi popote, kwa hiyo gonga kwanza usikie.

Akina mama wa cherehani hawahitaji kufundishwa na mimi. Sumaku ya spika iko mezani pao ikikusanya sindano na pini. Wenye mashine za kusaga wangefaa kuwaiga. Mawe au sahani za kinu zikilika, chembe za chuma huingia kwenye unga. Vika sumaku mfuko wa nailoni, ukoroge nayo unga, uitoe. Ukiuvua mfuko, chembe zote zitaanguka chini. Mara ya kwanza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili, hawakula ugali wa mchana kwa raha.

Wapo wanaoweka sumaku chini ya meza ya duka ili ivute wateja. Siwacheki, maana imani juu ya sumaku ni kongwe. Wasafiri wa zamani walisimulia kwamba vyombo vya Bahari ya Hindi vilivyoshonwa kwa kamba, kama mitepe ya Lamu, vilikosa misumari kwa kuwa baharini kuna majabali ya sumaku yanayoing'oa. Hadithi tamu. Mabaharia wenyewe walijua kwamba chombo cha kushonwa hunepa kikigonga mwamba badala ya kupasuka, na sumaku waliitumia kwa kazi yake: watu wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498 waliandika kwamba mabaharia waliowakuta huko walikuwa na dira za sindano na ramani.

Ng'ombe anaweza, mtoto hawezi

Kuna nchi, Marekani mojawapo, ambako wafugaji humlisha ng'ombe sumaku moja laini yenye ukubwa wa kidole. Hukaa tumboni maisha yake yote ikinasa misumari na vipande vya seng'enge alivyomeza malishoni, visimtoboe. Nimewasimulia wafugaji wa hapa, wakacheka, kisha wakaniuliza inapatikana wapi.

Nataja ng'ombe kwa sababu ya kitu kilichoanza kuonekana kwenye meza za vitu vya kuchezea: vigololi vya sumaku vinavyong'aa, vidogo kuliko punje ya mahindi, vinavyopangwa kuwa bangili au mnara. Hivi si feraiti. Ni sumaku za niodimiamu, aina iliyobuniwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa ukubwa ule ule huweza kubeba karibu mara 10 ya nguvu ya pete ya spika. Ndizo zilizo ndani ya simu yako na visikizio vyake, na humo hazina ubaya.

Ubaya uko kwenye kumeza. Mtoto akimeza kimoja, mara nyingi kitapita. Akimeza viwili, au kimoja na kipande cha chuma, vitatafutana tumboni kupitia kuta za utumbo. Vikikutana vinaubana utumbo katikati, sehemu iliyobanwa inakosa damu, inakufa, inatoboka. Dalili zake ni tumbo kuuma, kutapika na homa, na hapa kwetu mtoto mwenye dalili hizo hupewa kwanza dawa ya malaria.

Nchini Marekani mamlaka ya usalama wa bidhaa ilianza kupambana na wauzaji wa vigololi hivyo mwaka 2012, ikatunga kanuni mwaka 2014, mahakama ikaifuta mwaka 2016, na mwaka 2022 ikatoka nyingine: vinavyouzwa kwa kuchezea viwe vikubwa visivyomezeka au viwe dhaifu.

Mzazi akishuku kwamba mtoto amemeza, asimpe dawa ya kuharisha wala asingoje choo. Aende siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye eksirei na atamke neno sumaku mapema, kwa sababu kwenye picha vigololi vilivyonasana vinaweza kuonekana kama kitu kimoja tu. Vikiwa bado tumboni mara nyingi daktari huvitoa kwa mrija wa kupitia mdomoni. Vikishateremka kwenye utumbo huenda ikawa ni kisu.

Nimezungumza na wauzaji wawili wa vitu vya kuchezea hapa Oraba. Mama mmoja alivitoa mezani nikiwa bado nimesimama. Kijana wa pili alinisikiliza vizuri, akaniita mwalimu kwa heshima, akasema hataagiza vingine, lakini pakiti alizo nazo ataziuza kwanza.