Kusoma Grafu Kabla ya Kuiandikia

Vijana wengi wanaotaka kusoma katika vyuo vikuu vya nchi zinazotumia Kiingereza hulazimika kufanya mtihani wa lugha uitwao IELTS. Katika sehemu ya kuandika, wanaoomba nafasi za chuo kikuu hupewa kwanza grafu, jedwali au mchoro, wakatakiwa kuueleza kwa maneno yasiyopungua 150. Hushauriwa watumie dakika 20.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba swali hili halipimi lugha peke yake. Nimepata kuwaona wanafunzi wenye Kiingereza fasaha wakipata alama ndogo, kwa sababu walikimbilia kalamu kabla ya kuitazama grafu. Nafasi ya masomo, na pengine ufadhili, huweza kupotea hivyo.

Mfano wa Sensa

Tuchukue grafu ya nguzo inayoonyesha idadi ya watu wa Tanzania. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3, ya 1978, milioni 17.5, ya 1988, milioni 23.1, ya 2002, milioni 34.4, ya 2012, milioni 44.9, na ya 2022, milioni 61.7.

Mtahiniwa mwenye haraka ataziorodhesha nambari hizi sita, moja baada ya nyingine, akidhani amemaliza kazi. Kumbe vigezo vya kusahihishia, ambavyo vimetangazwa wazi, huiweka kazi ya namna hiyo katika daraja la 5 kati ya 9 kwa upande wa kutimiza swali. Daraja la 7 hudai maelezo ya jumla yaliyo wazi. Katika mfano wetu, maelezo hayo ni haya: katika muda wa miaka 55 idadi ya watu ilifikia mara tano hivi ya ile ya mwanzo, haikupungua katika sensa yoyote, na ongezeko kubwa kuliko yote lilitokea katika kipindi cha mwisho. Nambari chache zilizochaguliwa zifuate baadaye, kama ushahidi.

Mitego Mitatu

Mtego wa kwanza umo katika mhimili wa mlalo. Kati ya 1988 na 2002 watu waliongezeka kwa milioni 11.3, kati ya 2002 na 2012, kwa milioni 10.5. Je, kasi ilipungua? La. Kipindi cha kwanza ni cha miaka 14, na cha pili ni cha miaka 10. Kwa wastani wa mwaka, ongezeko lilipanda kutoka watu 800,000 hivi hadi zaidi ya milioni moja. Nguzo zikichorwa kwa nafasi zilizo sawa, jicho hudanganyika.

Mtego wa pili umo katika mhimili wa wima. Ukianzia milioni 10 badala ya sifuri, nguzo ya 1978 itaonekana ndefu zaidi ya mara tatu kuliko ile ya 1967, ingawa ongezeko halisi ni asilimia 42 tu.

Mtego wa tatu ni kuchanganya idadi na asilimia. Ongezeko la milioni 10.5 kati ya 2002 na 2012 ni maradufu ya lile la milioni 5.2 kati ya 1967 na 1978. Hata hivyo, kwa asilimia ni dogo zaidi, kwani ni asilimia 30 hivi. Kauli zote mbili ni za kweli, lakini hazisemi jambo moja.

Kusema Kilichoonekana

Jambo la mwisho ni kujizuia. Mtahiniwa atatamani kuandika kwamba watu waliongezeka kwa sababu ya hospitali na chanjo. Huenda ni kweli, lakini grafu haikusema hivyo, na swali halikuuliza sababu.

Kwa hiyo, msomaji unayejiandaa, tumia dakika tatu za mwanzo bila kuandika sentensi hata moja. Soma kichwa cha grafu, vipimo vyake na miaka yake. Kisha jiulize: ningemwambia nini mtu asiyeiona grafu hii, kwa sentensi mbili? Ukishapata jibu kwa Kiswahili, Kiingereza chake hakitakuwa kigumu. Na nidhamu hiyo haiishii katika chumba cha mtihani, kwani madarasa na zahanati hupangwa na watu wanaozisoma grafu hizi hizi.