Mwaka Mrefu, Siku ya Nuksi na Kalenda Isiyoongezewa Siku

Imani zinazoambatana na mwaka mrefu, yaani mwaka wenye siku 366, kwa kawaida huelezwa kama hofu ya mwaka mzima. Makala hii inaonesha kuwa hofu hiyo ilianza kwa siku moja tu, ile iliyopachikwa, na kwamba jamii isiyopachika siku huiweka hofu yake mahali pengine.

Kalenda ya Julius Caesar, iliyoanza kutumika mwaka 45 KK, haikuiweka siku ya ziada mwishoni mwa Februari. Siku ya sita kabla ya Machi mosi ilihesabiwa mara mbili, tena katika mwezi ambao Warumi walikuwa tayari wameutenga kwa matambiko ya utakaso na ya wafu. Mwanahistoria Ammianus Marcellinus anasimulia kwamba mwaka 364 Valentinianus, aliyekwisha kuteuliwa kuwa mfalme, alikataa kuonekana hadharani siku hiyo kwa kuwa ilisifika kwa nuksi. Baadaye nuksi ya siku ikaenea hadi mwaka: Ugiriki wapo wachumba wanaokwepa kufunga ndoa katika mwaka mrefu, na Waitaliano huutaja kuwa mwaka wa balaa.

Si kila kinachosimuliwa kina mashiko. Ile sheria ya Uskoti ya mwaka 1288, inayodaiwa kuwaruhusu wanawake kuposa katika mwaka mrefu, hunasibishwa na Malkia Margaret. Wakati huo Margaret alikuwa mtoto wa miaka mitano aliyeishi Norwe, na matini ya sheria yenyewe haijapatikana. Hata hivyo, bado hunukuliwa.

Upwa wa Afrika Mashariki unatoa mfano wa kinyume. Kalenda ya jua ya Waswahili, ambayo mwanzo wake huitwa Nairuzi au Siku ya Mwaka, ina siku 365 tu: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kukamilishia. Kwa kuwa haiongezewi siku, Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, hutangulia kwa siku moja kila baada ya miaka minne ukilinganishwa na kalenda ya Gregori, sawa na siku 24 au 25 kwa karne. Hapa hatari haisubiri mwaka wa nne. Imo katika mpito wa kila mwaka. Ndiyo maana watu hukoga baharini, wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili kumaliza chuki za mwaka uliopita, na kibanda huchomwa moto huku aliyemo ndani akichomoka.

Suala hili linawahusu pia washauri wa sera za utamaduni na utalii. Sherehe hiyo ikipangiwa tarehe moja ya kudumu ya Julai ili kuwarahisishia wageni safari, kalenda itakuwa imeongezewa kimyakimya siku ambayo haikuwa nayo, na wazee wanaohesabu miongo watabaki na Siku ya Mwaka isiyolingana na ile iliyotangazwa.