Kwa nini saratani hurejea hata baada ya dawa kuififisha

MGONJWA wa saratani hutibiwa, uvimbe ukanywea na jamaa wakamshukuru Mungu. Miezi kadhaa baadaye uvimbe huchipuka upya, na dawa ile ile haifui dafu tena. Wengi hudhani daktari alizembea. Mara nyingi chanzo kimo ndani ya seli zenyewe.

Seli ya binadamu inapogawanyika hunakili maagizo ya urithi, yaani DNA, yenye herufi zipatazo bilioni 6. Seli yenye afya husahihisha makosa ya kunakili, nayo jeni iitwayo TP53 husaidia kuizuia seli iliyoharibika isizaane. Ulinzi huo ukivunjika, makosa hurithiwa na kulimbikizana.

Mnamo 1976, mtafiti Mmarekani Peter Nowell alieleza kwamba uvimbe mwingi hutokana na seli moja, ambayo uzao wake hutofautiana kadiri unavyoongezeka. Zilizo hodari ndizo hutawala.

Makosa mengi hayaifaidi seli, na yakizidi huiua. Hata hivyo, seli inayokosea mara kwa mara ina nafasi kubwa zaidi ya kuangukia badiliko linaloistawisha. Uzao wake ukienea, kasoro inayozalisha makosa huenea pamoja nao, mithili ya kupe aliyeng'ang'ania mgongo wa ng'ombe.

Mfano ni dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2001 kutibu aina moja ya saratani ya damu. Imewanusuru wengi, lakini mwaka huo huo wanasayansi waligundua kuwa badiliko dogo katika jeni liliziwezesha seli za baadhi ya wagonjwa kuihimili. Dawa huangamiza seli dhaifu na kuziachia uwanja zilizo sugu.

Uyumbaji huo una udhaifu wake pia. Seli zenye makosa mengi huunda protini ngeni ambazo kinga ya mwili inaweza kuzitambua. Kwa msingi huo, mnamo 2017 Marekani iliidhinisha dawa ya pembrolizumab kwa uvimbe ulioshindwa kusahihisha makosa ya aina fulani ya DNA, bila kujali kiungo ulikoanzia.

Ndiyo maana madaktari huchanganya dawa, kwani ni vigumu zaidi kwa seli moja kuzihimili zote. Ndiyo maana pia huhimiza uchunguzi wa mapema: uvimbe mdogo una seli chache, na seli chache hazina aina nyingi za usugu.