Biashara Inayoning'inia Kwenye Gia Moja

Wastaafu wa Kimarekani wanaohamia Arizona kila majira ya baridi wana kero moja: gari-nyumba la dizeli lenye urefu wa mita 12 huwezi kwenda nalo dukani kununua mkate. Likishaegeshwa kambini na kuunganishwa umeme, maji na bomba la majitaka, kuling'oa hapo ni shughuli. Ndiyo maana wengi wao hufika wakikokota gari dogo, magurudumu yake yote manne yakibingiria barabarani, na mara nyingi gari hilo huwa ni fowili. Ukokotaji huo umezaa viwanda, mafundi na maduka yake. Lakini riziki yao imo mikononi mwa watu wasiowafikiria sana: wahandisi wa giaboksi.

Magari-nyumba na trela za kulala za Marekani huundwa zaidi katika kaunti ya Elkhart, jimbo la Indiana. Mwaka 2021, korona ikiwa imewafanya watu waogope ndege na hoteli, viwanda vilipeleka sokoni zaidi ya 600,000, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa. Riba ya mikopo ilipopanda, idadi hiyo ikaporomoka hadi takriban 313,000 mwaka 2023. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mzigo huo ni trela, ambazo mwenyewe huzivuta kwa pikapu yake na hahitaji gari la pili. Anayetengeneza vyuma vya kukokotea anawauzia wale wachache wenye gari-nyumba lenye injini. Ni wachache, ila mifuko yao ni mizito.

Viwanda vinavyowahudumia viko mbali na Detroit, kitovu cha magari ya Marekani. Blue Ox iko Pender, mji mdogo wa wakulima Nebraska. Demco iko Boyden, Iowa, nayo hutengeneza pia zana za shamba. Roadmaster iko Vancouver, jimbo la Washington. Mkono wa kukokotea wenyewe ni sehemu tu ya bidhaa. Nyuma ya bampa hufungwa kishikizo cha chuma kilichochongwa kwa ajili ya toleo hilo la gari na mwaka wake, kwa hiyo kila umbo jipya la gari ni kazi mpya ya kiwanda. Kisha kuna minyororo ya usalama, nyaya za taa, na breki ya ziada ambayo majimbo mengi huitaka uzito ukipita kiwango kilichowekwa. Ukijumlisha na ujira wa fundi, bili hufika dola 3,000 hadi 5,000.

Kwa nini fowili? Katika magari mengi ya otomatiki, pampu ya oili ya giaboksi huendeshwa na injini. Injini ikizimwa huku magurudumu yakizunguka, gia husagana bila oili na giaboksi huungua. Jeep Wrangler imeukwepa mtego huo kwa transfa yenye nafasi ya N, inayoitenga giaboksi na propela zote mbili. Gari litavutwa maelfu ya kilomita, giaboksi imetulia.

Si kila fowili ina bahati hiyo. Jeep Grand Cherokee iliuzwa na mfumo wa Quadra-Trac I usio na N, na Quadra-Trac II wenye nayo. Kwa macho, magari ni yale yale. Honda CR-V ilipendwa sana na wakokotaji hadi toleo la 2014. Mwaka uliofuata ikaja giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za hatua, ruhusa ya kuikokota ikaondoka, na wauza vishikizo wakapoteza mteja mkubwa bila wao kukosea lolote. Ford Bronco iliyorudi sokoni na toleo la 2021 imeziba sehemu ya pengo.

Uzito nao unabana. Magari-nyumba mengi ya petroli yameruhusiwa kuvuta takriban kilo 2,270. Wrangler ya milango minne, yenye kilo 2,000 hivi, inapita. Ndugu yake wa haibridi, 4xe, anavuka mpaka huo. Gari la umeme kama Tesla halikokotwi kabisa likiwa limegusa barabara, hadi lipandishwe juu ya trela, na trela yenyewe huongeza mamia ya kilo.

Kwa hiyo kiwanda chenye bidhaa za kando, kama trela au zana za shamba, kina pa kuegemea magari yenye N yakizidi kupungua. Kinachotegemea vishikizo peke yake kitaendelea kusubiri kila toleo jipya kama mkulima asubiriye mvua. Mnunuzi naye asidanganywe na magurudumu makubwa: kabla ya kuuliza bei, afungue kitabu cha mwongozo kwenye ukurasa wa kukokotwa. Mtengenezaji akiwa amekataza pale, punguzo la muuzaji halitalipia giaboksi mpya.