Chura wa Chooni Mbele ya Kamera

Majumbani kwetu pwani, chura akionekana chooni hapaulizwi neno, huitishwa chumvi. Mimi huitisha kamera.

Yule anayejibanza ukutani juu ya birika, mweupe kama chokaa, si mgonjwa. Ni chura wa mitini, aitwaye na wataalamu Chiromantis xerampelina. Wakati wa kiangazi ngozi yake ya kijivu hugeuka karibu nyeupe, ikarudisha nuru ya jua.

Mpigeni kwa lenzi ya vitu vidogo, shibiri moja hivi, mkilenga jicho. Jicho likiwa na ukungu, picha haina maana hata miguu ikitoka vizuri. Flashi ielekezeni ukutani, mwanga urudi mpole. Wala msimshike: chura hunywa maji kwa ngozi, na sabuni ya mkononi hupenya humo humo. Chumvi je, ndugu zangu? Humkausha akiwa hai. Na hadithi imo katika Sunan Abi Dawud: tabibu alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtia chura katika dawa, akamkataza kumwua.

Mvua zikianza atahamia nje mwenyewe. Tazameni matawi yaliyoinamia dimbwi. Lile povu jeupe lina mayai yake, na viluwiluwi hudondoka majini baada ya siku chache. Hapo ndipo pa kukaa na kamera.