Mazoezi ya mwili: mwalimu wa kesho atapimaje wanafunzi wake?

Mwanafunzi wa ISP anayejitayarisha kufundisha mazoezi ya mwili, somo ambalo wengi huliita jimnastiki, huingia kwenye staji akiwa na filimbi, fishi ya somo na saa ya kuhesabia mbio. Kupiga filimbi hakumsumbui. Kinachomsumbua kinakuja mwisho wa kipindi, wakati shule inamuomba pointi za kila mtoto. Nani apate nyingi, na kwa sababu gani?

Jibu lililozoeleka ni rahisi: anayekimbia sana apate 9 kwa 10, anayebaki nyuma apate 4. Lakini pointi hizo zinaandikwa kwenye buletini, na wazazi wanazisoma. Mtoto aliyezaliwa na miguu mirefu anapewa zawadi kwa kitu ambacho hakujifunza shuleni. Mwingine mwenye mwili mdogo, aliyepanda milima ya Bukavu na njaa ili afike darasani, anaandikiwa kama mvivu.

Vipimo vinavyojulikana sana katika kazi hii havikutengenezwa kwa kugawa pointi za shule. Kile cha kukimbia dakika 12 kilitangazwa mwaka 1968 na daktari Kenneth Cooper, aliyekuwa akifanya kazi na jeshi la anga la Marekani. Kile cha kwenda na kurudi kati ya mistari miwili yenye kuachana mita 20, mbio zikiongezeka kidogo kidogo, kilitoka Québec, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa Luc Léger na wenzake. Vyote viwili vinaonyesha nguvu za moyo na mapafu. Peke yake, havionyeshi kama mwalimu amefundisha kitu.

Tuseme mvulana anakimbia mita 2.400 katika dakika 12 mwezi wa kumi, na mwezi wa kumi na mbili anarudia mita zilezile. Msichana wa darasa lake anaanza na mita 1.500, halafu anafika 1.800, kwa sababu sasa anajua kuanza polepole na kupanga pumzi yake. Kwa saa, mvulana ni wa kwanza. Kwa masomo, msichana ndiye aliyepiga hatua: ameongeza asilimia 20.

Ndiyo maana mwalimu wa kesho anahitaji kupima mara tatu: mwanzoni, ili ajue kila mmoja anatoka wapi, katikati, ili amrekebishe, na mwisho, ili aandike pointi. Mwaka 1967 mtaalamu Michael Scriven alitenganisha upimaji unaosaidia kazi ingali inaendelea na ule unaotoa hukumu kazi ikisha. Katika kiwanja cha shule tofauti hiyo inaonekana wazi. Kumuambia mtoto « kunja magoti unapotua » kabla ya mtihani kunamsaidia kuliko kumuandikia 5 nyuma yake.

Hata hivyo, kupima maendeleo kuna mitego. Mwanafunzi mjanja anaweza kukimbia polepole makusudi siku ya kwanza, ili baadaye aonekane amepanda sana. Na mwalimu anayetoa pointi za « juhudi » kwa macho tu anaweza kupendelea watoto anaowajua. Dawa ni kugawa pointi wazi tangu somo la kwanza. Kwa mfano, kwa pointi 10: 4 kwa namna ya kufanya zoezi vizuri, 3 kwa maendeleo, 3 kwa kujua kanuni na kushirikiana na wengine. Wanafunzi waziandike katika daftari zao, kusudi mtu asishangae mwishoni.

Lakini mtoto hawezi kupimwa kwa haki kama hakupata nafasi ya kujaribu. Darasa la wanafunzi 60 wenye mpira mmoja, wakipanga mstari na kila mmoja kuchukua sekunde 20, linamaliza dakika 20 na kila mtoto amegusa mpira mara moja tu. Na tangu masomo ya msingi yafanywe ya bure katika shule za serkali mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa zaidi.

Muska Mosston, aliyetoa kitabu chake cha kufundisha mazoezi ya mwili mwaka 1966, alionyesha njia mbalimbali za kuongoza somo. Katika moja, wanafunzi wanakaa wawili wawili: mmoja anafanya zoezi, mwenzake anamuangalia na kumuambia alichokosa, kisha wanabadilishana. Mipira ya mifuko iliyofungwa kwa kamba inatosha. Watoto 30 wanafanya kazi kwa wakati mmoja, na 30 wengine wanajifunza kutazama.

Mfano mwingine wa Mosston ni wa kamba. Kamba ya kuruka ikifungwa sawa, kisha ikipandishwa, wasioweza wanatolewa, na wanaohitaji zoezi zaidi ndio wanaokaa chini kutazama. Ikiwekwa kwa kuinama, upande mmoja juu na mwingine chini, kila mtoto anachagua mahali pa kuruka, na hakuna anayefukuzwa. Hata mwenye mguu wenye ulemavu anapata urefu wake, na kesho anaweza kusogea kidogo upande wa juu.

Mahali pa kufundishia panadai akili pia. Huko Goma, viwanja vingine vimejaa mawe makali ya volkano, na mtoto anayekimbia bila viatu anaweza kuumia. Mwalimu anaweza kuacha mbio siku hiyo na kuchagua nzango, mchezo wa kurusha miguu kwa mdundo, ambao wasichana wengi wanaujua kuliko yeye mwenyewe. Hapo anayebaki nyuma katika mpira wa miguu anaweza kuwa ndiye anayefundisha wengine.

Siku ya buletini, mzazi akiuliza kwa nini binti yake amepata 7 kwa 10, jibu la « hana mbio » halitoshi. Mwalimu afungue daftari, aonyeshe alikoanzia, alichorekebisha, na alipofika.